Mama Mkwe Anaoga Maji Baridi Nyumbani Kwangu

Upper Marlboro, 8 Februari 2007

Bi Leokadia wa gazeti letu, shikamoo kama mnavyosalimiana kwenu Tanzania, na unisamehe mwandiko maana naandikia magotini, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katika besmenti, yaani kile chumba cha chini ya nyumba, nikiikodolea macho hita ya maji iliyoko ukutani, na ninaomba unitoe kwenye shida hii kabla ya Jumanne ya tarehe ishirini na saba, kwa sababu siku hiyo mama mkwe wangu anapanda ndege kurudi Kitui miezi miwili kabla ya wakati wake, na anarudi akiamini kwamba mimi Festus, mkwe wake, ndiye ninayemzimia maji ya moto akiwa ndani ya bafu.

Nianze mwanzo. Mimi na mke wangu Serah, ambaye ni muuguzi, tulijaliwa mtoto wa pili mwezi wa Desemba, msichana, tukampa jina la mama yake Serah, Syombua, kama desturi yetu Wakamba inavyotaka, na Mama akapewa viza akaja kumlea huyo wajina wake na kumkanda binti yake kwa maji ya moto, na mpango ulikuwa akae mpaka Aprili, ambebe Syombua mikononi siku ya kumtoa kanisani. Sasa sijui kwenu ukoje, lakini kwetu mkwe na mama mkwe wana heshima yao. Hatupeani mikono, hatuketi kiti kimoja, akiingia sebuleni mimi nakumbuka kazi ya nje, na mambo ya kuoga au ya chumba cha kulala hayatajwi kati yetu hata kwa bahati mbaya. Kule nyumbani hangelala chini ya paa langu hata usiku mmoja, ni wazee waliokaa wakakubali kwa sababu ya mtoto, na hapa nyumba ni ya Kimarekani, ngazi ni moja na korido ni moja, kwa hivyo tunaishi kwa kusikilizana nyayo.

Hita nayo ilikuja hivi. Mwezi wa Novemba tangi letu la zamani lilipasuka likalowesha zulia lote la besmenti, na kwa sababu mtaa wetu hauna bomba la gesi nikanunua hita ya stima isiyo na tangi, kijisanduku chembamba cha kutundika ukutani, na fundi mmoja Mmarekani anayeitwa Wayne akaja kukifunga, akavuta nyaya tatu nene kama kidole na kila waya ukapewa swichi yake kwenye boksi la stima. Bi Leokadia, nilijivuna. Jumapili moja baada ya ibada niliwaleta wanaume wa kanisa wakashuka besmenti kukiangalia, nikawaambia maji yanachemka pale pale yanapopita, hayaishi hata mkoge watu kumi mkifuatana, na Kiprotich, ambaye hasifu kitu cha mtu, akapiga picha kwa simu.

Wiki ya pili ya Januari, siku ya baridi kali, Mama alimwambia Serah kwa upole kwamba maji ya Baba Cheryl leo ni ya uvuguvugu. Cheryl ni binti yetu mkubwa, ana miaka saba. Siku hiyo mashine ilikuwa inafua nepi kwa maji ya moto na nyingine inaosha vyombo, lakini mimi sikuwaza hayo, nilijibu haraka kama mtu anayejua, nikasema, "Serah, mwambie Mama apunguze maji. Apunguze kabisa, yawe kama uzi, yatapata moto. Si unakumbuka zile shawa za stima za Nairobi?" Serah anazikumbuka, tulipanga nyumba yenye shawa hizo miaka minne, na Mama pia anazijua kwa sababu kijana wake anaishi mtaa wa Umoja, huko huko Nairobi, na humtembelea kila mwaka. Akasema sawa, ameelewa.

Tangu siku hiyo maji ya Mama ni baridi kabisa. Yangu ni moto, ya Serah ni moto, Cheryl anatoka bafuni akifuka mvuke, lakini Mama akiingia na ndoo yake, anafungua mfereji, anakaa humo nusu saa, hata maji yenyewe huyasikii yakianguka, halafu anatoka amejifunga leso tatu, meno yanagongana. Sasa ameanza kuamka alfajiri anachemsha maji kwenye sufuria kubwa ya ugali juu ya jiko, ya mtoto, ya binti yake na yake mwenyewe, anapanda nayo ngazi mwanamke wa miaka sitini na nane, na mimi nikikimbia nimpokee anaitua sufuria kwenye ngazi, anageukia ukuta na kungoja hadi niondoke. Wanaume wa kanisa wamesikia kwamba katika nyumba ya maji yasiyoisha mgeni anachemsha maji kwa sufuria, na wanacheka, na nawaelewa.

Nikaanza kushuka besmenti kila Mama anapoingia bafuni, nione hita inafanya nini, na nikaona ajabu, kwamba nikioga mimi Serah huniambia inavuma na namba za kiooni zinapanda, lakini akioga Mama inanyamaza kabisa kama haijaambiwa kitu. Na sasa nifike penye kosa langu. Jumapili iliyopita, kabla ya kwenda kanisani, Mama akiwa bafuni, nilizima zile swichi tatu, nikahesabu hadi sitini, nikaziwasha tena, maana kitabu cha hita kinasema ikikwama uizime kidogo. Swichi zile zikizimwa zinapiga kelele, na mlango wa besmenti unalia kama mbuzi. Nilidhani nasaidia.

Asubuhi iliyofuata mezani, Cheryl, ambaye anasikia Kiswahili na Kikamba chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na nyanya yake humwita Susu kama sisi Wakamba wote, akaweka kijiko chini. "Daddy, why do you turn off Susu's water?"

"Nani amekuambia mimi nazima maji ya Susu?"

"She told Mommy. She hears you go down, and then it's cold."

Serah akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. "Festus, ni kweli uliguza zile swichi jana?"

Nikasema, "Mimi? Sijaguza kitu." Nilidanganya, Bi Leokadia, mbele ya binti yangu, kwa sababu nilijua ninavyoonekana. Kila mtu aliyeishi ploti za Nairobi, zile nyumba za kupanga za bafu moja kwa wapangaji wote, anajua mambo ya swichi kuwa nje ya mlango wa bafu, unajipaka sabuni ukiwa na raha zako na mwenye roho mbaya anapita, anazima. Sasa mama mkwe ananiona mimi ndiye huyo. Jioni hiyo akamwomba Serah abadilishe tiketi, akasema tu kwamba nyumba ya watu isichoshwe.

Mama yangu mzazi alifariki mwaka ule nilipokuja huku, na sikuweza kwenda kumzika kwa sababu ya makaratasi. Huyu ndiye mama niliyebaki naye, nampenda kwa dhati ingawa sijawahi kumtazama usoni dakika nzima, na siwezi kumwambia neno lolote linalohusu kuoga. Kiprotich anasema ning'oe hita nirudishe tangi, na yuko tayari kuja na spana zake. Wayne anasema kwa simu kwamba hita ni nzima. Nifanye nini? Nimtume mchungaji? Jina langu chapisha tu, kanisani walishasikia.

Ni mimi, Festus.

*

Festus mwanangu, marahaba. Kwanza ondoka kwenye hiyo ndoo, kwa sababu ndoo hiyo ina kazi ya kufanya ghorofani.

Barua yako nimeisoma mara mbili hapa Silver Spring, mara ya kwanza nikikuhurumia, mara ya pili nikitafuta kitu cha kukurushia. Kisha nikampigia simu Laurean, fundi umeme wa Herndon, kijana wa kwetu Bukoba, ambaye hita za namna hiyo amezifunga hadi amezichoka. Nikamsomea. Nilipofika pale pa "yawe kama uzi" akaniambia, "Mama Leo, ngoja, ngoja, rudia hapo," nikarudia, akacheka hadi ikabidi niiweke simu mezani niendelee kumenya ndizi zangu.

Wayne wako amesema kweli. Hita ni nzima, na Kiprotich akae na spana zake. Hebu sikiliza jinsi inavyofanya kazi, maana umeinunua, umeitembezea wageni, na hukuijua.

Tangi lako la zamani lilikuwa linapasha maji mchana na usiku, mtu aoge asioge, kisha linakaa nayo. Hita hii haiweki akiba hata ya kikombe cha chai. Maji baridi yanaingia upande mmoja, yanapita kwenye vyuma vinavyopata moto kwa umeme, yanatoka upande wa pili yakiwa tayari. Sasa itajuaje kwamba kuna mtu kafungua bomba? Laurean anasema pale maji yanapoingilia kuna kigurudumu kidogo. Maji yakipita kwa nguvu ya kutosha kigurudumu kinazunguka, na hita inawaka. Maji yakipita kidogo mno, hakizunguki inavyotakiwa, na hita inaamini hakuna mtu bafuni, inabaki kimya. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu vyuma vile vikiwaka juu ya maji ya tone tone yangechemka humo humo na kumbabua mtu.

Shawa zetu za umeme za Nairobi, na Dar tunazo pia, zina tabia nyingine. Moto wake ni ule ule mmoja, kwa hiyo ukipunguza maji yanazidi kuwa moto, na kila mtu aliyekulia kwetu mkono wake unalijua hilo bila kufikiri. Hita yako wewe inajipimia yenyewe. Maji yakiongezeka inaongeza moto, mpaka ifike mwisho wa nguvu zake. Na ile siku ya uvuguvugu ilikuwa imefika mwisho wa nguvu zake! Januari maji ya bomba huku yanakaribia kuwa barafu, nepi zinafuliwa kwa moto, vyombo vinaoshwa kwa moto, na Mama naye anajaza ndoo. Ungesema, "Serah, hebu simamisha mashine ya nepi Mama aoge," kesi ingeisha siku ile ile na mimi nisingekujua.

Lakini hukusema hivyo. Ulisema uzi.

Tuliza moyo usome hapa polepole. Hakuna anayemzimia Mama maji isipokuwa agizo lako. Alilisikia neno la mkwe wake akalitii. Akafungua bomba kama uzi, hita haikuamka, maji yakatoka baridi. Mtu wa kwetu maji yakitoka baridi anafanya nini? Anapunguza zaidi. Akapunguza, yakazidi kuwa baridi, akapunguza tena, ndiyo maana ulikuwa huyasikii hata yakianguka. Karibu wiki nne mwanamke huyu amekuwa akikutii huku meno yanagongana, na hakukulalamikia hata mara moja. Wewe ukadhani anakuchukia. Mimi nilipoelewa nilitokwa na machozi kidogo, Festus, na haikuwa kwa sababu ya vitunguu, nilishakwambia nilikuwa namenya ndizi.

Sasa nikugombeze kidogo. Kuzima swichi mtu akiwa ndani ya maji ni upumbavu hata kama nia ni njema. Hita ile isipotumika haili umeme wa maana, iache iwake siku zote, na siku ikihitaji kuzimwa kweli, ulizia kwanza nyumba nzima nani yuko bafuni. Lakini kubwa zaidi ni ule uongo. Mkeo alikuuliza swali la ndiyo au hapana, akiwa amekaa kati ya mama yake na mume wake, na wewe ukamwacha hapo peke yake. Mtoto wa miaka saba akasema ukweli kwa Kiingereza, baba mtu akadanganya kwa Kiswahili. Hapo sikuungi mkono hata kwa dawa.

Gazeti hili linatoka Ijumaa tarehe kumi na sita, una siku kumi na moja. Siku hiyo hiyo jioni, mwache Serah ale kwanza. Kisha mwambie: "Nilizima swichi Jumapili. Nilikudanganya. Na ule ushauri wa uzi ulikuwa wangu, nao ndio ulioleta baridi." Usiongeze maelezo ya Wayne. Atakasirika, mwache akasirike, anayo haki. Cheryl naye akae asikie, maana alisikia ule uongo.

Mama usimwambie kitu, hapo heshima yenu iko sawa na mchungaji hana kazi bafuni. Serah ndiye atakayeingia naye, na ndoo ile uliyokuwa umeikalia, na saa ya mkononi. Mashine za nguo na vyombo zote zipumzike. Wafungue bomba la moto lote, hadi mwisho. Maji ya mwanzo yatakuwa baridi kwa sababu ndiyo yaliyolala kwenye bomba refu la kutoka huko besmenti, wayakinge kwenye karai, yatapigiwa deki. Yakija ya moto, waweke ndoo, watazame saa. Laurean anasema ndoo kubwa itajaa kwa dakika tatu hivi. Maji baridi atachanganyia ndani ya ndoo baadaye, asibanebane bomba la moto.

Utaniambia Mama ametoka Kitui, hawezi kuliachia bomba wazi namna ile, moyo utamuuma. Najua. Ndiyo sababu ya saa. Serah amwambie hivi: "Mama, kwa uzi ndoo hii inajaa kwa dakika ishirini na zaidi, na kwa kufungua yote inajaa kwa tatu, lakini ndoo ni ile ile na maji ni yale yale, hakuna tone lililoongezeka." Mtu aliyebeba maji mgongoni tangu utoto hatashawishika kwa habari za mashine za kisasa. Hesabu ya ndoo anaijua kuliko wewe na mimi na Laurean.

Umebaki wewe. Kujua kwamba maji yanapatikana ni jambo moja, na kujua kwamba mkwe wangu hakunitendea ubaya ni lingine, na hilo la pili Serah hawezi kumsemea, kwa sababu mke akimtetea mume wake nani atashangaa? Hilo inabidi Mama alisikie kwa masikio yake mwenyewe. Amekuwa akihesabu nyayo zako zikishuka ngazi, basi mpe kitu kingine cha kuhesabu.

Kila asubuhi Mama akichukua ndoo kuingia bafuni, wewe vaa koti, kofia na glavu, chukua koleo la theluji, toka nje. Sio chini ya dirisha la bafu, tafadhali, utaniletea kesi nyingine. Nenda mbele ya nyumba, kwenye njia ya gari, ukwangue theluji kwa kelele. Kama imeyeyuka, kwangua saruji hivyo hivyo, majirani walishazoea mambo yetu. Na uimbe. Imba wimbo wowote wa kwaya ya kwenu, kwa Kikamba, kwa sauti yote uliyopewa, ili mwanamke aliye ghorofani ajue bila shaka yoyote kwamba mkwe wake yuko nje kwenye baridi, mbali na swichi, huku maji anayojimwagia mabegani bado ni ya moto.

Usikatize wimbo katikati, na usiingie ndani mpaka Cheryl aje mlangoni akwambie Susu ameuliza kama Baba Cheryl amekunywa chai.